Gari la Mjomba Lenye Kioo Paani

Juzi stendi ya Bariadi nilimwona mtoto kachomoza kichwa kwenye paa la gari, anacheka. Hasira zangu za zamani zikapanda.

Mjomba, mnunuzi wa pamba, alikuwa na gari kuukuu la mtumba lenye kioo cha kufunguka paani. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alinichukua akienda Mwanhuzi kuposa, kavaa suti mpya. Viti vilinuka petroli na mbegu za pamba.

"Simama juu, mama, upunge upepo," akaniambia, akinionyesha uwazi wa paani.

Raha iliyoje! Wachungaji wa ng'ombe waliniamkia, "Mwadila!" nami niliwaitikia bila kuinama, kama mtemi.

Mvua ikaanza. Nikataka kukaa.

"Usikae! Ukweni hatufiki tumejikunyata. Simama wakuone!" Akanizungushia kiunoni turubai la kufunikia pamba, akalitandaza vizuri pande zote. Nikadhani ni vazi la heshima. Nilifika meno yakigongana, nikiona fahari.

Heshima gani! Kioo kilikuwa kimekwama wazi, hakifungiki, na mimi, mtoto wa dada yake, ndiye niliyekuwa kizibo.

Mkewe mpaka leo anasifu jinsi suti ile ilivyofika kavu.