Kanda ya Shangazi Tuhfa

Shangazi yangu Tuhfa alikuwa akipiga video za harusi hapa Pangani, mwanamke peke yake katika kazi hiyo. Ndiyo maana alitakiwa kila mahali. Kwenye ngoma ya ndani wanawake huvua mabuibui wakacheza vichwa wazi, na mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia.

Mwaka ule wa mgao wa umeme akatengeneza picha yake mwenyewe, ya majambazi. Wezi wawili wa karafuu za magendo, na mwanamke anayewazunguka wote wawili. Taa alikuwa nayo karabai moja tu, basi kila mtu anaonekana nusu uso, nusu giza. Vitu vilishakuwa ruksa madukani, lakini kanda mpya bei yake haishikiki. Akarekodi juu ya kanda ya harusi ya Maryam, ambaye nakala yake alikwishampa.

Picha ilikula saa moja na dakika ishirini. Kilichobaki baada yake kilikuwa ngoma ya ndani ya harusi ile. Alipanga kukifuta Ijumaa, umeme haukuwako. Jumamosi uliporudi, Mzee Shekhe, mwenye kibanda cha video, alikuja mbio: Asheri, mwandishi wa gazeti la Tanga, kafika na hana muda. Shangazi kwa furaha akampa kanda.

Kibandani mabenchi yalijaa wanaume; sisi tulisimama nyuma, mlangoni.

"Mbona giza? Mgao umeingia hadi ndani ya picha?" mmoja akauliza, wakacheka.

"Nyamaza wewe, ndio utamu wake!"

Asheri hakucheka. Aliandika bila kutazama karatasi.

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa ameshachukua mzigo, anatembea kwenda kwenye pantoni, Shangazi aliponishika mkono mpaka ukauma.

"Nasma, sikufuta."

Mashine na televisheni vilikuwa ndani ya wavu wa chuma, na ufunguo anao Mzee Shekhe, kaenda msikitini kuswali Alasiri.

Shangazi akapita katikati ya mabenchi. "Mama, kaa chini!" wakapiga kelele. Pantoni ikaondoka, kioo kikawa cheusi, na yeye akavua buibui lake akalitupa juu ya wavu. Ngoma ikaanza kulia nyuma ya nguo, na vigelegele.

"Toa hilo guo!"

"Dada, niache nione mwisho," Asheri akasema.

"Mwisho umeshapita."

"Watu hao nawasikia!"

Mmoja akavuta pindo. Shangazi akalikanyaga. Amesimama na gauni la nyumbani, kichwa wazi, miluzi inampiga kila upande, na hakuondoka mpaka Mzee Shekhe aliporudi akazima.

Gazeti lilitufikia Alhamisi. Mimi niliishia darasa la nne, nikamsomea polepole. Asheri kaandika kwamba hajaona picha ya pesa kidogo yenye macho makali kama hii, ila mtengenezaji kaiharibu mwenyewe kwa kuwaficha watu mwisho. Ailete Tanga mjini, ukumbi upo, ionyeshwe nzima. Shangazi akataka nirudie maneno ya ukumbi.

Nilikuwa narudia Bi Saleha, mamake Maryam, alipobisha hodi. Shangazi alikuwa amekwenda kumweleza mwenyewe, Jumamosi ile ile.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kanda iko wapi?"

"Nitafuta pale penu tu, Bi Saleha. Picha yangu imo humo humo, sina nyingine. Ngoja umeme urudi."

"Mwanangu, habari za mashine kufuta mimi sizijui. Najua wanaume wamesikia sauti yangu. Moto naujua."

Shangazi akalikunja gazeti. Kisha akaleta kanda na chupa ya mafuta ya taa, akaimiminia mwenyewe uani, akaiwasha. Ilinuka vibaya, utepe ukajikunja. Bi Saleha alisubiri mpaka ikaisha yote.

"Mdogo wake Maryam anaolewa mwezi wa mfungo sita," akasema, akifunga kanga yake. "Utaingia ndani wewe, na kamera yako. Kanda mpya nitanunua mimi."

"Inshallah," Shangazi akasema, akaenda kunawa mikono.