Makaa kwa Manowari

Historia ya ile manowari niliijua kabla sijaijua Alhamdu vizuri. Nilijua kwamba iliundwa Uingereza, kwamba ilikuwa na mizinga mikubwa minane, imekaa miwili miwili, na dohani tatu zinazofuatana mgongoni. Ilikaa miaka mingi bahari ya China. Vita ilipoanza, ile vita kubwa ya pili ya Wazungu, ikaletwa bahari ya huku kuwinda meli za Wajerumani. Ikaikuta moja iliyojipaka rangi na kupandisha bendera ya watu wengine, inajifanya meli ya mizigo. Ikaizamisha. Halafu Jumapili ya Pasaka ndege za Wajapani zikaja kutoka upande wa jua, na manowari ikaenda chini kabla mtu hajamaliza sahani ya wali. Watu wakabaki ndani ya maji mchana, usiku, na mchana mwingine, nyuso zao nyeusi kwa mafuta, mpaka meli zingine zikaja kuwaokota.

Hayo yote baba alikuwa akinisimulia huku anapiga pasi. Tulikaa Muyinga, mtaa wa Waswahili, mahali ambapo maji makubwa kuliko yote ni ya mvua. Baba alikuwa dobi. Alipiga pasi nguo za maofisa, za padri, za mabwana harusi. Mimi nilikuwa nampepea makaa nje mpaka yawe mekundu, halafu namletea kwa koleo, anajaza pasi, anafunga kifuniko, anaanza tena pale alipoachia: manowari iko bahari gani, inamfukuza nani.

Ujanani alikuwa ametoroka kiboko ya Wabelgiji, akavuka Tanganyika kwa miguu, akafanya kazi mashamba ya katani, na kutoka hapo akafika Mombasa. Jina lenyewe la meli lilikuwa la Kiingereza na ulimi wake ulilikataa. Aliiita Dohani Tatu, kama walivyoiita watu wa kazi wa kule bandarini. Ukimwuliza alifanya nini huko, alikuwa na jibu moja maisha yake yote: "Nilitia makaa kwa manowari." Nilipokuwa nazidi kuuliza, na we baba, siku ya zile ndege ulikuwa wapi, alinyoosha mikono. Mikono yake ilikuwa na makovu ya moto mpaka kwenye viwiko. Mimi nikaona hilo ni jibu. Mtoto akioneshwa makovu hapeleki maswali mbele.

Basi nikakua hivyo. Watoto wa mtaa waliniita binti wa manowari, wakitaka kunicheka, nami nikalivaa lile jina kama kitenge kipya. Nilisoma miaka mitatu tu, halafu nikaambiwa shule imetosha. Lakini hakuna mwenye diploma pale Muyinga aliyejua mizinga minane imepangwaje.

Niko na mdogo wangu mmoja, wa kiume. Yeye habari za meli hakuzipenda. Baba akianza, anachukua ndoo anaenda kuteka maji. Nikaolewa, nikaletwa Gitega, mdogo wangu akabaki na baba na pasi.

Baba alipokufa nilienda. Siku ya tatu ya matanga watu wamejaa uani, mzee mmoja akaniomba niseme kidogo juu ya marehemu, maana mimi ndiye nilikuwa na maneno. Nikasema. Nikaitoa manowari yote, tangu China hadi Pasaka, na baba ndani yake, analisha moto, na baba ndani ya maji ameshika ubao. Wanawake walikuwa wanafuta macho. Mdogo wangu akasimama pale mlangoni akasema, bila kupandisha sauti, "Baba hakupanda manowari hata siku moja."

Sijui kama kuna aibu inayozidi hiyo. Nikamwambia mbele ya watu wote, "We iko na wivu. Baba kakuachia pasi, sasa unataka na bahari yake." Nikafunga nguo zangu, nikarudi Gitega, na miaka thelathini sikukanyaga Muyinga. Alipofiwa na mke wake nilituma kitenge. Mimi mwenyewe sikwenda. Wanangu niliwafundisha manowari, na kwamba mjomba wao ni mwongo.

Mwaka jana ikaja habari kwamba mdogo wangu ni mgonjwa, ananiita. Nikanyamaza. Ikaja ya pili. Nikasema, kwanza afute neno lake. Ikaja ya tatu.

Hapo ndipo mjukuu wangu wa kike, anayesoma lise, ile sekondari ya hapa Gitega, alipoamua kunisaidia bila kuombwa. Alikaa na simu yake mkekani akaandika kwa Kifaransa yale anayoyajua kutoka kwangu: dohani tatu, mizinga minane, Pasaka, ndege za Wajapani. Akaipata. Akageuza simu akanionesha picha, na mimi nikaiona Dohani Tatu kwa macho yangu, nikiwa na miaka sabini na zaidi. Nilikaa chini. Akawa ananisomea utumishi wote wa ile meli, mwaka kwa mwaka, anageuza Kifaransa kwa Kiswahili chake cha kukatakata. China, ndiyo. Meli ya Wajerumani iliyojificha, ndiyo. Watu majini mpaka siku ya pili yake, ndiyo. Kila alipofika mimi nilikuwa nimeshatangulia, namwambia kinachofuata kabla hajasoma. Nikamwambia apige simu Muyinga sasa hivi, mjomba asomewe.

Hakupiga. Alikuwa bado anasoma.

"Bibi," akasema, "hii meli haikutumia makaa. Inasema ilitumia mafuta. Tangu ilipoundwa."

Nikamwambia asome vizuri. Akasoma vizuri. Nikamwambia Kifaransa kinamdanganya. Akatafuta picha ya ndani, vyumba vya moto, mabomba na mabomba, hakuna koleo, hakuna mtu wa koleo. Nami nikakumbuka zile nyuso nyeusi kwa mafuta. Miaka yote hiyo nimezisimulia na sikujiuliza hata mara moja yale mafuta yalitoka wapi.

Mke wa mwanangu alikuwa pale anachambua mchele. Yeye amekulia Tanzania, kambi ya wakimbizi, amerudi mtu mzima, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. Sisi humcheka kwamba anaongea kama redio. Akauliza taratibu baba alisema maneno gani hasa. Nikamwambia: nilitia makaa kwa manowari.

"Hakusema manowarini, mama?"

"Alisema kwa manowari. Ni kitu kimoja."

"Kwenu ni kitu kimoja," akasema. "Mtu aliyekaa Mombasa akisema kwa manowari, labda anasema kwa ajili yake."

Nilimwambia aendelee na mchele. Lakini neno lilikuwa limeingia. Sisi huku "kwa" yetu ni moja: mtu iko kwa soko, iko kwa nyumba, iko kwa gari. Baba alijua Kiswahili cha pwani, na alijua sisi tunasikia nini. Usiku ule na kesho yake nilipitisha maneno yake yote moja moja, kama mtu anayetafuta chawa kwenye mshono. Watu walibaki ndani ya maji. Watu waliokotwa. Hakuna mahali aliposema tulibaki. Ule ubao niliomshikisha baba pale matangani niliuchonga mwenyewe.

Nikasema naenda Muyinga. Kwenda napo si kusema tu, siku hizi gari zinalala kwa kukosa mafuta. Nilienda kituoni asubuhi nne mfululizo, narudi na mfuko wangu, jirani wananiuliza kama nimeshafika. Siku ya tano nikapata basi linalopitia Karuzi.

Mdogo wangu alikuwa kitandani, miguu imevimba, macho yameingia ukungu. Alinitambua kwa hatua. Akasema, "Miguu ya hasira ile. Karibu, dada." Binti yake akaleta chai. Sikutaka kuinywa kabla sijasema, kwa sababu najijua, nikishiba nitasema kesho. Nikamwambia manowari ilikuwa ya mafuta. Nikamwambia ulikuwa na haki.

Akacheka mpaka akakohoa. "Haki ya miaka thelathini, dada. Ishaoza. Sasa ninaifanyia nini?"

Nikamwuliza alijuaje, na yeye hajui hata kusoma. Akasema baba alimwambia mwenyewe, siku alipomkabidhi pasi. Alikuwa dobi huko pia. Kazi yake ilikuwa kwenye banda la kufulia pale Kilindini, anapepea makaa na kujaza pasi za mabaharia wa Dohani Tatu, pasi kumi na mbili kwa zamu. Yale makovu ni ya pale. Habari za bahari alizipata kwa mabaharia, wakileta nguo na wakija kuzichukua. Mara ya mwisho manowari iliondoka haraka. Nguo zao zilibaki kwenye rafu, nyeupe, zimetiwa wanga, zimekunjwa, kila nguo imeshonwa namba ya mwenyewe. Wiki kadhaa bwana mkubwa alikataza zisiguswe. Halafu siku moja akaja akasema zitolewe namba. Baba ndiye aliyepewa kazi ya kufumua zile namba, moja moja, kwa sindano. Alipomaliza akaaga, akatembea mpaka nyumbani.

"Ndiyo maana hakuweza kusema," akasema mdogo wangu. "Wengine walirudi kweli, waliokotwa. Lakini yeye hakujua namba ipi imeokotwa na ipi imekwenda chini."

Hiyo ndiyo ilikuwa historia ya baba, na ilikuwa nzuri kuliko yangu, na haikuwa yangu.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" nikamwuliza. "Mi ndiye nilikuwa nampepea makaa. Mi ndiye nilikuwa nauliza."

"We hukuuliza kazi, dada. We uliuliza meli. Akakupa meli."

"Na we ukanyamaza nayo."

"Alisema, muache, anaifurahia. Mtoto wa kike ameshatolewa shule, usimtoe na hapo." Akageuza uso. "Mi nilinyamaza mpaka matangani. Pale nikaona watu wanamlilia mtu mwingine. Baba yangu hakuna aliyemlilia."

Kama angenitukana ingekuwa rahisi. Nilihesabu moyoni mazishi ya mke wake ambayo sikufika, watoto wake wanne ambao sikuwashika walipozaliwa, na binti huyu aliyeleta chai, niliyemjua kwa sauti ya simu tu. Yote hayo nimeyalipa kwa ajili ya neno moja dogo ambalo baba mwenyewe aliliacha nilisikie vibaya kwa kunihurumia. Watu husema huruma ya mzazi ni baraka. Mi nimeila ile huruma mpaka nimezeeka nayo, najua ladha yake.

Nilikaa siku sita. Nilimfulia mashuka. Hatukurudia habari ya baba. Tuliongea miguu yake, magoti yangu, nani amekufa mtaani na nani anajifanya hajafa. Alinitania kwamba nakunja shuka kama mtu asiye na baba dobi.

Asubuhi ya kuondoka akanishika mkono. Akasema, "Siku yangu ikifika watu watakuomba useme. We ndiye iko na maneno. Sema nilikuwa dobi. Usinipandishe kitu."

"Nitasema dobi."

"Na baba? Wale watoto wako wa Gitega utawaambiaje?"

"Nitawaambia dobi," nikasema. "Nitawaambia na zile namba. Lakini mi sijamsamehe."

"Hiyo ni yako na yeye," akasema. "Mi nilishamaliza."

Akageukia ukuta, kwa sababu miguu ilikuwa inamuuma upande huu. Nikachukua mfuko wangu, nikaenda kuuliza kama basi limepata mafuta.