Mdogo Wangu Kwenye Barafu

Kwa miaka miwili mama mdogo hakuamini hata neno moja alilotuandikia binti yake kutoka Kanada. Binti huyo, ambaye kwangu ni mdogo wangu, alisema anafanya kazi ofisini. Mama mdogo huuza mawese hapa Rumonge, na picha za mwanawe alizikagua kama anavyokagua mafuta ya mtu asiyemjua. Aliniuliza kwa nini kila picha inaishia kiunoni, na kwa nini katika ofisi hiyo haionekani hata meza. Mimi nilimtetea. Tulipokwenda harusini Kizuka niliwaambia watu kwamba mdogo wangu ana kompyuta yake na kiti cha kuzunguka.

Halafu siku moja akatuandikia: kesho alasiri mtazame mashindano ya wanawake ya mawe kwenye barafu, nitakuwepo. Hakusema atakuwepo kama nani. Hapo na mimi nikaanza kushuku.

Niliegemeza simu kwenye cherehani yangu, tukakaa wawili. Wanawake walisukuma mawe mazito ya mviringo, yenye mishikio, juu ya barafu ndefu kama uchochoro, ili yakasimame ndani ya duara lililochorwa upande wa pili. Mbele ya kila jiwe wawili walikimbia wakifagia kwa nguvu, na mwenzao kule mwisho akiwapigia kelele. Mama mdogo aliwatazama wafagiaji tu, uso mmoja baada ya mwingine, akimtafuta mwanawe.

"Wamemufanya mufagiaji," akasema. "Ndiyo ile ofisi."

Nilimweleza kwamba wanapokezana, anayefagia sasa ndiye atakayesukuma baadaye. Maelezo hayo yakamtia shaka zaidi. Kisha akaona taa ndogo ya kijani ikiwaka kwenye mshikio. Akaichukua simu akaisogeza karibu na pua. Alisema jiwe iko na betri, kuna mtu amejificha anaiongoza, na wale wanawake wanajifanya tu kufagia. Hata mimi nilikuwa nimeliona jiwe likikata kona lenyewe, likaenda kujificha nyuma ya jingine.

Hata hivyo hatukuondoka. Jiwe la mwisho lilipopita katikati ya mengine na kuligonga la wapinzani likatoka nje, nilikuta mama mdogo amenishika mkono.

Wachezaji wakatoka. Akaingia mwanamke mmoja na mtungi mgongoni na mrija wa mpira mkononi, kama mtu anayepulizia dawa shambani. Alitembea kinyumenyume, polepole, akiupeperusha mrija kushoto na kulia. Uso wake hatukuuona, lakini mama mdogo aliyajua yale mabega.

"Ni yeye," akasema, akaendelea kumtazama mpaka simu ilipolia.

Binti yake aliuliza kama tumemwona. Mama mdogo akamuuliza ofisi iko wapi.

Mdogo wangu akasema hakuna ofisi, haikuwahi kuwepo. Mwaka wa kwanza alisafisha vyoo vya ukumbi ule. Mzee mmoja anayetengeneza barafu ndiye aliyemfundisha kunyunyiza matone yanayoganda juu ya barafu, maana bila matone hayo, mawe hayaendi. Alisema aliona haya kutuambia, lakini sasa kati ya watengeneza barafu wote wamemchagua yeye kwa mashindano haya makubwa, na kazi hiyo haionei haya.

"Na kwenye ule mutungi kulikuwa nini?" mama mdogo akauliza.

"Maji, mama."

"Maji tu?"

"Maji tu."

Mimi nilikuwa nimekasirika. Nilifikiria wale watu wa Kizuka na kile kiti cha kuzunguka. Lakini mama mdogo, simu ilipokatika, aliniomba nimrudishie video pale mwanawe anapoingia. Aliangalia mara tatu, akihesabu hatua zake za kinyumenyume kwa midomo.

"Hakuteleza hata mara moja," akasema. Kisha akanitazama kwa jicho la pembeni. "Maji gani hayo, mutu anayapulizia barafu na hatelezi?"