Riba Yangu na ya Bwana Kesho

Siku mdaiwa sugu wa ukoo wetu aliponicheka MIMI kwa sababu ya mkopo, nilijua dunia imegeuka juu chini.

Tulieni niwape mkasa wenyewe.

Mimi naoka keki. Za harusi, za siku za kuzaliwa, za kuwaaga wastaafu. Na nina ugonjwa mmoja: sipendi kudaiwa. Nikikopa, nalipa kabla tarehe haijafika. Rekodi yangu ya mikopo ni safi mpaka mume wangu aliwahi kusema, "Mke wangu, hii tuitie fremu."

Basi oveni yangu ikafa. Na haikuchagua wiki nyingine, ikafa wiki yenye harusi mbili.

Nikaomba kadi ya mkopo benki ninunue nyingine. Hawakusumbua hata kidogo. Kadi ikaja inang'aa dhahabu, jina langu limechongwa kama la waziri. Na maneno matamu: "Hongera, mteja wetu wa thamani!"

Chini yake, kwa maandishi ya sisimizi: riba asilimia thelathini na sita kwa mwaka.

Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa tena.

Thelathini na sita ileile, imenikodolea macho.

Jioni akapita shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Huyu ukoo mzima tunamwita Bwana Kesho, maana ndilo jibu lake kwa kila anayemdai. Kinyozi anamdai. Mwenye duka anamdai. Mimi mwenyewe hajamaliza kunilipa keki ya harusi yake, na ndoa ilishavunjika!

Akaiona kadi mezani.

"Shem, na wewe unayo? Wamekupa riba ngapi?"

"Thelathini na sita."

Alicheka mpaka chai ikampalia. Kisha akachomoa yake mfukoni. Benki ileile, dhahabu ileile.

"Mimi kumi na nane."

"Wewe? Wewe unayejifungia chooni kinyozi akipita?"

"Mimi huyuhuyu, shem."

Jamani, nilichoka.

Asubuhi nikatinga benki. Nikapelekwa kwa afisa mikopo, kijana nadhifu, tai imembana shingo kama anadaiwa yeye.

"Mwanangu, rekodi yangu ina kasoro gani?"

Akatazama kompyuta. "Haina, mama. Nzuri sana. Hongera."

"Sasa mbona mmenipa riba ya mtu mwenye kasoro?"

"Mfumo unaangalia mambo mengi, mama."

"Nitajie mawili."

Akafikiri. Akakohoa.

"Mengi tu, mama. Unajua, wewe hujawahi kuchelewa kulipa. Sasa mfumo haujui siku ukichelewa utakuwaje."

"Kwa hiyo nikachelewe kwanza ndipo mnifahamu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo hivyo, ila kwa adabu."

Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna. Kwa kawaida ningeona haya, ningesema asante na kuondoka. Lakini nikakumbuka kile kicheko cha Bwana Kesho. Damu ikachemka.

Nikaiweka kadi mezani kwake.

"Basi bakini nayo. Benki ya ng'ambo ya barabara nayo ina viti. Nakwenda kukaa huko."

Nikasimama.

"Mama, subiri kidogo."

Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akatabasamu kama daktari aliyeleta habari njema.

"Mfumo umekubali. Kumi na nane."

Badala ya kufurahi, hasira ikanipanda upya.

"Kumbe ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Mbona hamkunipa tangu mwanzo?"

"Hukuuliza, mama."

Ndipo nikamwelewa shemeji yangu. Mtu aliyezoea kubishana na wanaomdai kila siku, benki itamtisha nini? Mimi niliyezoea kulipa kimyakimya, nililipishwa ule ukimya wenyewe.

Oveni nitanunua, harusi zitakula keki. Nikaaga.

Nafika mlangoni, nasikia viatu nyuma yangu. Ni yule afisa. Amelegeza tai, anaangalia kushoto na kulia.

"Mama, samahani. Yale maneno ya benki ya ng'ambo... ulianzaje vile?"

"Ya nini, mwanangu?"

Akainamisha kichwa.

"Kadi yangu mimi ni arobaini na mbili."

"Mungu wangu! Na si unafanya kazi humu humu?"

"Ndiyo, mama," akanong'ona. "Sasa nitamuuliza nani?"

Tukajibanza pembeni, nikamfundisha neno kwa neno.

Ndugu zangu, lipeni madeni yenu, ni heshima. Ila heshima haina mdomo. Mdomo unao wewe, na benki inaomba Mungu usiufungue.