Gauni la Bibi Harusi Lililonenepa

Saa nane mchana, nyuma ya pazia la ukumbi mmoja katikati ya jiji la Nairobi, Njuguna amesimama mikono juu kama mtu aliyekamatwa na askari wa kanjo. Mwanamke mfupi anamzunguka, tepu ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni.

"Imba," anamwamuru.

"Mathe, niimbe nini?"

"Imba hata bei ya sukuma wiki. Lakini ipeleke juu, na usiishushe mpaka niseme."

Njuguna anavuta pumzi na kuimba bei ya sukuma wiki kwa sauti nzito inayotikisa vikombe vya chai mezani. Hapo ndipo tepu inapomkumbatia kifua, upesi, na namba inaandikwa kwa chaki kwenye mkono wa shati la Njuguna mwenyewe.

Mwanamke huyo ni Nthenya Masila, miaka hamsini, mkazi wa mtaa wa Satellite. Siku za juma hushona mapazia ya nyumba za matajiri wa Karen, ambako, asemavyo, "dirisha moja linakula kitambaa cha kuvisha ukoo mzima." Mwisho wa juma huwavisha waigizaji wa kikundi cha mwongozaji Ndegwa, ambao michezo yao huimbwa mwanzo hadi mwisho. Watu hugombana kwa wimbo, hupatana kwa wimbo, na hata jirani akija kuomba chumvi, sharti aiombe kwa wimbo.

Kikundi humlipa shilingi mia tano kwa kila onyesho. Yeye hanung'uniki. "Mapazia yananilisha," anasema. "Hawa ndio wananishibisha."

Hii desturi ya kumpima mtu akiimba aliianza mwenyewe. "Mtu akinyamaza ni mwembamba. Akiimba, mbavu zinafunguka kama milango ya kanisa Jumapili. Mwaka wangu wa kwanza niliwapima wamenyamaza. Siku ya kufungua, kifungo kikaruka kikampiga mgeni wa heshima kwa paji la uso. Akadhani ni sehemu ya mchezo, akapiga makofi."

Lakini tepu ina ubaya wake. Huona mambo kabla wenyewe hawajayasema.

Mwaka jana, 2006, kikundi kilikuwa kikiandaa mchezo wa posa na harusi. Nafasi ya bibi harusi alipewa Wanjira, binti kutoka mtaa wa Uthiru ambaye kwa miaka minne alikuwa ameimba safu ya nyuma, akichungulia jukwaa kati ya mabega ya watu warefu. Siku aliyopewa habari hiyo alilia hadi pua ikamsaliti.

"Nikampima akiimba, kiuno kimeongezeka inchi moja," Nthenya anakumbuka. "Nikasema labda ni furaha. Wiki ya pili, inchi nyingine. Nikajiambia, aa, furaha haina kasi hiyo. Nikamwangalia. Yeye akaangalia dirisha."

"Mathe, tafadhali, usiseme," Wanjira alimnong'oneza.

Hakuwa na aibu ya kuficha. Alikuwa ameolewa Pasaka, na mumewe alikuwa ameshaanza kuchagua majina. Hofu yake ilikuwa Ndegwa. Msimu uliotangulia, binti mmoja aliteguka kifundo cha mguu, na kabla chai yake haijapoa, mwingine alikuwa amevaa viatu vyake. Wanjira alitaka tu afike siku ya kufungua. Baada ya hapo, alisema, wafanye watakavyo.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wahenga hawakumjua Nthenya na mkasi wake.

Alifungua mishono ya gauni akatia vipande ubavuni. Likapendeza. Lakini bibi harusi alikuwa na wasimamizi sita waliovaa mshono uleule, na gauni lake likaanza kuonekana kama mama wa hayo mengine. Basi Nthenya akayapanua yote sita. Kisha akatazama makoti na suruali za wanaume. "Nikaona nikiwaacha hivyo, watu watadhani wamekondeshwa na mapenzi." Akazipanua nazo.

Ndegwa, aliyezoea kutazama mazoezi kutoka viti vya nyuma kabisa, akaona kikundi chake chote kimevimba.

"Watu wangu, mmekuwa magunia!" alifoka. "Kuanzia leo, hakuna chapati wakati wa mapumziko. Na kila asubuhi, mbio. Waiyaki Way, kwenda na kurudi!"

Njuguna, aliyekuwa bwana harusi, hadi leo hasimulii kisa hicho bila kujishika tumbo. "Nilikimbia mpaka nikaanza kuona chapo mawinguni. Suruali inanianguka kwa jukwaa, na dairekta anasema bado nimenona! Nikajua huyu mzee anataka kuniua."

Wanjira naye alikimbia siku moja, akatapika kando ya barabara. Wenzake wakatikisa vichwa. Wakasema huo ndio ushahidi, binti alikuwa amekula kweli hizo chapati.

Nthenya alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Palikuwa na jambo lililomnyima usingizi. Katika ngoma ya mwisho, vijana wanne walipaswa kumrusha bibi harusi juu na kumdaka, na zoezi hilo lilipangiwa Ijumaa.

"Sikiza, mwanangu," alimwambia Wanjira. "Gauni naweza kulipanua. Sakafu siwezi kuilainisha. Mwambie Ndegwa."

"Atanitoa, Mathe."

"Basi kula kwanza. Mtu hatolewi akiwa na njaa."

Akampakulia chapati mbili alizozitoa nyumbani zikiwa zimefungwa kwa kitambaa cha pazia la mtu wa Karen. Wanjira akajibanza nyuma ya magauni yaliyotundikwa, akala. Ndipo Ndegwa alipoingia kumwita zoezini.

"Wanjira! Hata wewe? Bibi harusi wangu?"

Mdomo umejaa, machozi yamejaa. Ndegwa akanyoosha mkono kuchukua sahani.

"Mwache ale," Nthenya akasema, pini zikiwa bado mdomoni. "Wako wawili."

Ndegwa akainama kuchungulia nyuma ya magauni. "Mwingine yuko wapi?"

Nthenya akamwonyesha kwa ncha ya mkasi.

Ndegwa akakaa juu ya sanduku la viatu. Kisha akauliza polepole, "Nani mwingine anajua nyimbo za bibi harusi?"

Wanjira akavua shela kichwani, akaikunja vizuri. "Philister wa safu ya nyuma anazijua," akasema, akamnyooshea Ndegwa.

Lakini aliyeipokea shela alikuwa Nthenya, akaikalia. Na akiwa ameikalia, akawaambia jambo ambalo hakuwahi kulisema chumbani humo.

Zamani, kabla hajaja Nairobi, alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa lao karibu na Machakos. Hakuwa ameolewa tumbo lilipoonekana. Mwalimu wa kwaya alimvua joho mbele ya wenzake, akamwonyesha benchi la nyuma. Mtoto alizaliwa, akaitwa Kavata. Joho halikurudi.

"Mwalimu hakukosa waimbaji," aliwaambia. "Mimi ndiye nilikosa wimbo. Nikajifunza kushona, nisije nikaomba tena mtu nguo ya kuimbia."

Ndegwa akajikuna kichwa. "Sawa, Mama. Nikimwacha, hilo tumbo nitaliweka wapi? Watu wana macho."

"Kwani kwenu hakuna mbuzi wa faini ya mimba kabla ya harusi? Waambie wajomba waongeze mbuzi."

Kicheko kilichomtoka Ndegwa kilisikika hadi kwa mkata tiketi. Maana mchezo wenyewe ulikuwa wa wajomba kubishania mahari, na kwa juma zima alikuwa akitafuta la kuwabishanisha katika sehemu ya pili. Sasa amepewa.

Wimbo mpya ukatungwa, wajomba wakidai mbuzi wa ziada kwa sauti tatu tofauti. Gauni likaachwa liseme ukweli. Chapati zikarudi. Na katika ngoma ya mwisho, aliyerushwa juu ni bwana harusi, ambaye kwa bahati njema mbio zilikuwa zimeshampunguza.

Ilibaki shangazi wa kuwajibu wajomba. Macho yote yakamgeukia fundi. Nthenya alikataa mara tatu. Ya nne akakubali, kwa sharti kwamba ashone gauni lake mwenyewe.

Wanjira anakumbuka usiku wa kufungua. "Sauti yake ilianza kama mlango uliokaa bila mafuta. Halafu ukafunguka. Mimi nilisahau mstari wangu. Watu walidhani bibi harusi analia kwa sababu ya mbuzi."

Wanjira alimaliza msimu, akajifungua salama, na sasa amerudi katika nafasi yake ileile. Mchezo unafunguliwa tena Jumamosi ijayo, na shangazi ni yuleyule.

Safari hii Nthenya amemwalika Kavata, ambaye ni muuguzi Kitui. Miaka hii yote Kavata anajua kwamba mama yake hapendi kuimba. "Ningemwambia mapema, angedhani ni yeye aliyeninyang'anya wimbo," Nthenya anasema. "Nataka anisikie kwanza. Kisha tukae kwa chai nimwambie kwamba hakuchukua kitu. Aliniletea."

"Na basi la Kitui likichelewa?" Wanjira anamchokoza, akimfunga vifungo vya mgongoni.

Nthenya anavuta pumzi mpaka mbavu zijae gauni.

"Nitaimba tu. Nguo nimeshashona."