Ng'ombe wa Kwanza Warudie

Mimi ni mtu wa kukasirika haraka, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema, kwa sababu karibu kila jambo la maana nililofanya chuoni nililifanya nikiwa nimekasirika.

Nilikuwa mwaka wa pili, nasomea kompyuta kwenye chuo kimoja kidogo upande wa Butiama. Siku moja kwenye ubao wa matangazo karibu na kantini nikakuta karatasi mpya: cheti cha fani mseto, kwa mwanafunzi wa shahada yoyote, madarasa Jumamosi asubuhi. Masharti yalikuwa mawili tu. Mtafanya kazi watatu watatu, kila mmoja kutoka idara yake. Na mwisho wa kozi kila kundi liwe limetatua jambo moja la watu wa nje ya chuo, na watu hao wenyewe ndio watakaosema kama limetatuliwa au la. Wakisema halijatatuliwa, hakuna cheti, hata uwe umeandika ripoti ya unene gani. Hilo sharti la pili ndilo lililonivuta. Nilikuwa nimechoka kupewa alama za programu ambazo hakuna mtu hata mmoja angezitumia.

Nyumbani kwetu ni Bunda, kwenye pamba na ng'ombe. Majirani waliposikia wakasema nimeshushwa, nilikuwa digrii sasa nimerudishwa cheti. Baba hakuyaamini hayo, ila hakufurahi pia.

"Digrii yenyewe hujamaliza, umeshaongeza kingine," alisema. "Mtu huwaga anamaliza shamba moja ndio anaingia lingine."

"Nitakipata, baba, na utakiona."

"Haya, mama. Tutaona."

Hiyo "tutaona" ya baba naijua. Ndiyo aliyonipa nilipokuwa na miaka tisa, nilipomwomba niende josho na kaka zangu. Josho ni mfereji mrefu wa zege uliojaa maji yenye dawa ya kupe. Ng'ombe anatumbukia upande mmoja, anaogelea na dawa mpaka puani, anatokea upande wa pili akichuruzika. Kaka zangu walikuwa wanakwenda kila Alhamisi na kurudi na hadithi za wiki nzima. Mimi nilikuwa nabaki na ndama na ndoo za maziwa. Tutaona, alisema baba, na miaka yote niliyokaa nyumbani sikuliona josho hata kwa mbali, kwa sababu halikuwa mahali pa wasichana. Nilishakua, nikaenda shule, nikajifunza mambo mengi, na hasira ile nikaondoka nayo.

Kwa hiyo mwalimu wetu alipotupa kijiji kimoja cha Butiama na kutuambia josho lao limekarabatiwa lakini ng'ombe wanaendelea kuugua, nilisimama kabla hajamaliza sentensi. Tunalichukua hilo, nilisema, bila kuwauliza wenzangu wawili.

Wenzangu walikuwa hivi. Wa kwanza alikuwa kijana wa Makoko, anasomea afya ya mifugo. Tulimcheka sana, mtu aliyekulia ziwani kwenye dagaa na sangara kwenda kutibu ng'ombe, na yeye alikuwa anajibu kwamba samaki hawapigi teke. Wa pili alikuwa binti wa Iringo, mjini Musoma, baba yake ana duka. Huyo alikuwa anasomea sheria, na kwato za ng'ombe alikuwa hajawahi kuziona zaidi ya zile za kwenye supu. Tuligawana kazi siku ileile. Kijana wa Makoko achukue dawa na kupe, binti wa Iringo achukue kanuni za kamati ya josho, mimi nichukue ratiba. Kila mtu akafungua daftari lake.

Alhamisi tuliyokwenda kutazama, tuliona fujo. Saa moja asubuhi josho lilikuwa tupu, ng'ombe wamesimama huku na kule mbali kidogo, wachungaji wameegemea fimbo wakipiga stori. Saa mbili, bado. Karibu saa tatu mtu mmoja akasogeza wake kwa shingo upande, na hapohapo wote wakaja kwa mpigo, wakasukumana langoni, wengine wakachoka kusubiri wakaondoka bila kuogesha. Niliandika kwenye daftari: hawana ratiba. Nilipigia mstari.

Nikarudi chuoni nikatengeneza kitu ambacho mpaka leo naweza kusema kilikuwa kizuri. Kila kaya ilipewa muda wake, na Jumatano jioni ujumbe unaingia kwenye simu ya mwenye ng'ombe: wewe ni wa nne, fika saa moja na nusu. Nikajiuliza wa kwanza awe nani. Hapo nikatumia heshima niliyolelewa nayo. Kulikuwa na mzee mmoja, mwenyekiti wa kamati ya josho, mtu ambaye akikohoa mkutanoni watu wananyamaza. Nikamweka namba moja, kila wiki, kwa kudumu. Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe, nyumbani kwake, nikiwa nimejaa furaha.

"Asante, mwanangu," alisema. "Ratiba ni nzuri."

Alhamisi iliyofuata hakuja. Namba mbili alikuja, akaona namba moja hayupo, akageuza ng'ombe wake. Namba tatu alikutana na namba mbili njiani. Siku hiyo hakuoga ng'ombe hata mmoja. Wiki ya pili vilevile. Wiki ya tatu vilevile. Kabla yetu walikuwa wanaoga kwa fujo, sasa kwa utaratibu wetu hawaogi kabisa. Kila tukiuliza tunajibiwa kwa upole kwamba ratiba ni nzuri.

Kisha ndama wa yule mzee akafa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe. Tulikwenda kumpa pole. Alitukaribisha vizuri, akaagiza maziwa ya mgando yaletwe. Ngozi ya ndama ilikuwa imewambwa uani kwa vijiti, ndogo mno. Zilikuwa zimebaki Alhamisi mbili mwalimu aje na kuwauliza wanakijiji swali lake.

Nilikwenda Bunda Jumamosi ile badala ya darasani. Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba. Nikafunga kanga kiunoni, nikaingia shambani na baba, na tukiwa kwenye mistari nikamweleza kila kitu, mpaka yule mzee na namba yake moja. Baba akaacha kuchuma. Akacheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mlimpa mzee wa watu awakorogee wenzake? Tena kila wiki?"

"Kukoroga nini?"

Akanieleza huku akifuta machozi. Dawa ikikaa wiki nzima inatulia chini, juu yanabaki maji. Ng'ombe wanaotangulia ndio wanaoikoroga kwa miguu yao. Wenyewe wanatoka wamelowa tu, na kupe wao wote, kisha wanaofuata wanafaidi. Ndiyo maana watu huwa wanasubiriana. Hakuna anayetaka ng'ombe wake wawe mwiko wa kijiji.

"Na hawa wote kwa nini hawakuniambia?"

"Wakuambie nini? Hiyo kila mtu anaijua. Walidhani mmefanya makusudi."

"Kila mtu!" Nilisimama, pamba zikamwagika. "Mimi sijui! Wanao wa kiume wanajua, mimi sijui, kwa sababu wewe ulinikataza kwenda!"

Sikuwahi kumpandishia baba sauti kabla ya siku hiyo. Aliniangalia, kicheko kimeisha. Akainama akaokota pamba niliyomwaga, akairudisha kwenye gunia langu, akaendelea kuchuma mpaka mwisho wa mstari. Hapo akasema, bila kunitazama, "Zamani wa kwanza walikuwaga wanarudia. Wakishatoka wanazungushwa, wanaingia tena. Siku hizi watu hawana subira."

Jumatatu nilimsubiri kijana wa Makoko mlangoni mwa darasa lao. Nikamwomba daftari lake la majosho. Ukurasa wa pili, kwa mwandiko wake mzuri, ilikuwa imeandikwa: dawa ikorogwe kabla ya kuanza, na ng'ombe wa kwanza warudie.

"Ulikuwa unajua," nilisema.

"Mwalimu alitusomea, nikaandika. Nilijua wanakijiji wanaelewa."

"Na ratiba uliiona."

"Ratiba ilikuwa sehemu yako."

Nilitaka kumrushia lile daftari. Binti wa Iringo ndiye aliyetutuliza, na yeye akafungua la kwake: kanuni za zamani za kamati, alizonakili kwenye ofisi ya kijiji, zilisema wa kutangulia abadilike kila wiki. Alikuwa ameziona mwezi mzima uliopita. Tulikaa pale kwenye ngazi watatu, madaftari matatu, na jibu limekatwa vipande vitatu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kwenye mtihani wowote. Tulikuwa tumejiandikisha kozi ya kuchanganya fani, na kitu cha kwanza tulichofanya kilikuwa kuzitenganisha.

Siku ileile nilikwenda kwa yule mzee peke yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilikuweka wa kwanza nikidhani ni heshima. Sikujua habari ya kukoroga. Nyumbani kwetu wasichana hatuendi josho."

"Kumbe hukujua," alisema. "Mimi nikasema, hawa watoto wa chuo wananionaje? Nimewakosea nini?" Akatikisa kichwa. "Sasa Alhamisi nani atatangulia? Maana atakayetangulia bado atakuwa mjinga wa wenzake."

"Sisi," nilisema.

"Mna ng'ombe?"

"Hatuna."

Alicheka kidogo, lakini hakusema hapana.

Alhamisi ile, kukipambazuka, tulikuwa joshoni, sote watatu, na magambuti ya kuazima na glavu ndefu za idara ya mifugo. Tulikuwa na miti mirefu miwili yenye vipande vya mbao vilivyopigiliwa mwishoni, na ndoo ya bati yenye kamba. Kijana wa Makoko alituonyesha namna: ndoo inazamishwa mpaka chini kabisa, inavutwa na tope la dawa, inamwagwa juu, tena na tena, huku mti unasukuma kutoka mwanzo wa mfereji hadi mwisho. Kazi ya kuvuta kamba kwenye maji aliijua kuliko sisi, ndiko alikozaliwa. Harufu ya dawa ilinipanda kichwani. Viganja vilitoka malengelenge ndani ya glavu, yakapasuka, nikaendelea. Binti wa Iringo alikuwa analia kwa uchungu wa mikono, na huku analia anasukuma mti. Wachungaji walikuja mmojammoja, wakasimama mbali kama kawaida yao, wakitutazama. Niliapa moyoni kwamba hata wasipoleta ng'ombe hata mmoja, dawa ile leo haitalala chini.

Maji yalipogeuka rangi toka mwanzo hadi mwisho, yule mzee akatokea na ng'ombe wake. Alichungulia mferejini. Akachukua mti mkononi mwangu, akausukuma mara moja mwenyewe, akaangalia kilichopanda.

"Imekorogeka," aliwaambia wenzake kwa sauti. "Leteni."

Akatanguliza wa kwake. Binti wa Iringo alisimama langoni na chaki, akawapiga alama ng'ombe ishirini wa kwanza walipotoka, na mchungaji mmoja alipotaka kusukuma wake mbele, alimwambia hawa wanarudia kwanza, ndivyo kanuni yenu inavyosema. Wakarudia. Mimi nilibadilisha ratiba palepale kwenye simu, wa kwanza wa leo awe wa mwisho wiki ijayo, na wote wasogee. Wiki iliyofuata mwalimu alikuja na swali lake, na mzee akamjibu kabla halijaisha.

Cheti nilikipeleka Bunda likizo. Baba alikisoma pande zote mbili, hata upande usio na kitu, akakirudisha kwenye bahasha, akaiweka juu ya kabati. Nilikwenda kulala nimenuna.

Alhamisi asubuhi nilikuta fimbo yake imeegemezwa mlangoni kwangu. Alikuwa uani, ameshafungua zizi.

"Kaka zako hawapo," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jambo jipya. Hawakuwepo kwa miaka. "Wapeleke. Ila usitangulie, mama. Watakukorogesha."

Nilifika josho la kwetu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Lilikuwa fupi kuliko nilivyoliwaza nikiwa na miaka tisa. Wanaume walikuwa wamesimama mbali mbali na ng'ombe wao, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Niliwaamkia wote, nikapita katikati yao mpaka langoni.

"Wewe ni wa nani?" mmoja aliuliza.

Nikamtaja baba kwa jina. "Natangulia," nilisema. "Na hawa ng'ombe watarudia. Yeyote asiingize wa kwake mpaka warudie."

Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema, "Ni kweli, zamani walikuwaga wanarudia," na hakuna aliyenibishia.

Niliporudi nyumbani jua lilikuwa limepanda. Baba alikuja zizini, akaanza kukagua ng'ombe mmojammoja, anafunua sikio, anapapasa chini ya mkia, anasogea kwa mwingine.

"Ulitangulia?"

"Nilitangulia. Na walirudia."

Alikagua mpaka wa mwisho bila kuharakisha. Halafu akajifuta mikono kwenye suruali.

"Alhamisi ijayo," alisema, "twende wote, unionyeshe."