Karatasi ya Kumi na Moja

Shuleni walimwita Meneja, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa dada mkuu, nahodha wa netiboli, mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, na wa kwanza darasani mihula mitano mfululizo. Hata bomba likipasuka aliitwa yeye, utadhani walimu wote wako likizo.

Baba yake, fundi cherehani, alikuwa amepigilia vyeti vya binti yake ukutani juu ya mashine, kumi na vinne. Mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa hakuondoka mpaka asomewe vyote.

"Mwanangu huyu kanitoa kimasomaso," alisema fundi. "Hapo nimeacha nafasi ya Jumamosi. Msumari tayari nishaupiga."

Jumamosi ilikuwa fainali ya mdahalo, na ule msumari mtupu ndio uliomkaba binti. Wiki ya tatu sasa chakula hakikupita. Mara mbili alijifungia chooni wakati wa mapumziko, akalia huku ameuma kola ya shati asisikike. Alitaka jambo moja tu: mtu mzima ajue, amwambie Jumamosi usiende, pumzika. Kwa baba alishajaribu.

"Baba, na nisipoenda je?"

Fundi alicheka mpaka mashine ikasimama. "Usiende wewe? Siku hiyo na mimi nitashona suruali ya mguu mmoja!"

Binti naye akacheka. Angefanyaje?

Lilibaki sanduku. Nje ya chumba cha mwalimu wa ushauri kulikuwa na sanduku la mbao lenye kufuli, ambamo wanafunzi walitumbukiza shida zao bila majina. Zamani lilipata maganda ya pipi tu, kwa sababu mwalimu aliijua miandiko ya shule nzima. Meneja ndiye aliyeleta dawa. Kila Alhamisi dada mkuu angefungua sanduku, anakili kila karatasi kwenye daftari kubwa kwa mkono wake, kisha azichane. Mwalimu asome daftari, basi. Sanduku likaanza kujaa, shule ikasifiwa kwa wazo hilo, na Meneja akapewa cheti. Hicho ni cha kumi na tatu, pale kushoto mwa dirisha.

Jumatano, korido ilipokuwa tupu, alitumbukiza karatasi yake. Alijua fika nani angeifungua. Lakini kutoka mkononi mwake ingeingia daftarini, na kutoka daftarini ingefika kwa mwalimu. Angeweza kuiandika humo moja kwa moja, lakini mtoto huyu hata kulia alilia kwa utaratibu.

Alhamisi alinakili kumi na moja. Mwalimu wa ushauri, mama mmoja mwenye roho nzuri na vipindi vingi kupita kiasi, alisoma akipitisha kidole: dawati bovu, maji ya kunywa, mmoja anaogopa hesabu. Kidole kikasimama kwenye ya mwisho.

"'Nimechoka,'" alisoma kwa sauti. "'Watu wananisifu na mimi nazama. Naomba mtu mzima aniambie nipumzike kabla sijaanguka.'"

Alivua miwani.

"Maskini. Huyu ana hali mbaya kweli. Mwandiko uliutambua?"

"Ndiyo, mwalimu. Ni..."

"Hapana, hapana!" Mwalimu aliinua mkono. "Usinitajie. Tulikubaliana siri ni siri, na wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

"Lakini mwalimu, mimi naona ni heri ungemjua."

"Ningemjua, kesho nani angeandika tena? Wewe umeshamjua, inatosha. Kaa naye taratibu, mwambie apumzike. Wanakusikiliza kuliko sisi. Halafu uniandikie hapo chini mmefikia wapi."

"Anaomba mtu mzima, mwalimu."

Mwalimu alimtazama kwa upendo, na upendo huo ulikuwa wa kweli, ndiyo maana uliuma. "Mwanangu, wewe ni mtu mzima kuliko nusu ya walimu wa shule hii."

Kengele ikalia. Mwalimu akakusanya chaki na vitabu vyake, na mlangoni akageuka. "Na Jumamosi utuletee kikombe, sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Meneja alibaki na daftari. Chini ya ile ya kumi na moja kulikuwa na mstari mmoja mtupu. Kupitia dirishani aliwaona wenzake wa netiboli wakimpungia mikono, mpira umeshatoka stoo, wanamsubiri nahodha. Aliikunjua karatasi yake, aliyokuwa ameibakiza mfukoni, akaisoma tena, kisha akaichana vipande vidogo kama alivyozichana zile kumi. Akashika kalamu, na mwandiko ulitoka mzuri, kama siku zote.

"Nimeongea naye," aliandika. "Amesema ataweza."